Shamba la Mngeta: kampuni iliondoka, kamba ikabaki

Kamba yenyewe si kitu cha kutazama mara mbili. Ni ya katani au ya manila, imepigwa mafundo kila baada ya sentimita 25, na ncha zake zimefungwa kwenye vijiti viwili. Watu wawili wanaivuta kukatiza shamba na wa tatu anafuata ameinama. Penye fundo anatoboa kitundu na kudondosha mbegu. Maji yakiwepo, anachomeka mche mmoja. Mmoja tu, si konzi. Mche wa kupandikizwa una siku nane hadi kumi na mbili, mdogo kiasi kwamba aliyezoea miche ya mwezi mzima anaona anaambiwa azike kitoto. Mstari ukiisha kamba inasogezwa, na mgongo unaanza upya.

Mtindo huu wa kulima mpunga ulibuniwa Madagascar miaka ya 1980 na padri Mfaransa, Henri de Laulanié, ukaja kuitwa kilimo shadidi. Mngeta, katika Bonde la Kilombero, ulifundishwa na kampuni iliyokuwa ikilima maelfu ya hekta kwa matrekta na kombaini. Yaani shamba kubwa kuliko yote ya mpunga katika eneo lile ndilo lililowafundisha majirani wake kulima vizuri bila kuwa wakubwa. Kichekesho hicho ndicho kilichonifanya nikichague kisa hiki, maana mjadala wa kampuni na familia katika kilimo cha nafaka huwa kama wa Simba na Yanga: kila mtu ameshavaa jezi kabla ya filimbi. Mngeta inamsumbua shabiki wa upande wowote.

Tuanze na mahali. Bonde liko mkoani Morogoro, milima ya Udzungwa imelikinga upande mmoja na nyanda za Mahenge upande wa pili. Mito inashuka kutoka milimani, masika bonde linafurika, na maji yakipungua yanaacha udongo ambao mpunga unaupenda. Wandamba walikuwa wakivua na kulima hapo zamani. Wapogoro, Wahehe na Wabena ni majirani zao wa siku nyingi. Reli ya TAZARA ilipopita miaka ya 1970 ilileta watu wa kila kona, na baadaye wakaja wafugaji na ng'ombe wao. Hadi leo ukishuka stesheni ya Mngeta unasikia lafudhi tano kabla hujafika kwenye kibanda cha chai.

Mwaka 1986 serikali ya Tanzania na ya Korea Kaskazini zilianzisha kampuni ya pamoja, KOTACO, ilime mpunga hapo. Eneo lililotengwa ni hekta 5,818, zaidi ya ekari 14,000. Mapema miaka ya 1990 mradi ukafa. Hati ikabaki kwa RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la mto Rufiji iliyoundwa 1975, na mamlaka hiyo haikuwa na uwezo wa kulima hata robo ya eneo lile. Basi watu wakaingia. Wengine walikuwa wakilima maeneo hayo kabla ya Wakorea, wengine walifika na jembe begani wakaona pori wakalifyeka. Walipanda mpunga, mahindi, migomba kuzunguka nyumba, wakazika wazee wao. Kwa karibu miaka kumi na mitano shamba lilikuwa la RUBADA kwenye makaratasi, na ardhini la aliyelilima.

Hapa pana jambo la kisheria ambalo watu hulipita haraka. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 hazizungumzi lugha moja. Sheria ya Ardhi, Namba 4, inapoeleza ardhi ya jumla, ile iliyo mikononi mwa serikali, inaingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, haina maneno hayo. Kwa hiyo shamba lililopumzishwa misimu mitatu, ambalo kwa mkulima wa jembe ni akiba, kwa afisa aliyeshika sheria ya kwanza ni ardhi isiyo na mwenyewe. Mngeta mzizi wa mgogoro ulikuwa hati ya zamani, lakini macho yaliyotumika kulitazama shamba ni yaleyale: pasipo matuta yaliyonyooka hapana mtu. Kwingine imekuwa mbaya zaidi. Kapunga, wilayani Mbarali, shamba la mpunga la serikali liliuzwa mwaka 2006 na hati ikakutwa imemeza hekta 1,870 za kijiji chenyewe, watu na nyumba zao.

Kampuni ya Kilombero Plantations Limited, ambayo wenyeji waliiita KPL na basi, iliundwa 2007 kwa ubia kati ya RUBADA na Agrica, kampuni ya wawekezaji wa nje. Bahati ya kalenda ilikuwa upande wake. Mwaka 2008 bei ya mchele duniani ilipanda ghafla, nchi zilizokuwa zikiuza nje zikafunga milango, na kila mwenye mtaji akaanza kuitafuta Afrika kwenye ramani. Tanzania ikatangaza Kilimo Kwanza 2009. Mwaka uliofuata ukazinduliwa SAGCOT, mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini mwa Tanzania, na Mngeta ikawa mahali pa kupeleka wageni. Fedha zilitoka kwa mashirika yenye heshima zake, Norfund la Norway na AgDevCo la Uingereza miongoni mwao. Hawakuwa matapeli, na ninalisema mapema kwa sababu kisa kingekuwa chepesi mno kama wangekuwa.

Ili shamba liwe shamba, watu walipaswa kutoka. Mamia ya kaya ziliguswa. Baadhi zilijengewa nyumba na kupewa vipande vya ardhi pengine, baadhi zililipwa fedha. Kampuni ilishikilia kwamba ilifuata viwango vya kimataifa vya kuhamisha watu. Mwaka 2015 taasisi ya Oakland ya Marekani, pamoja na mashirika mengine mawili, ilitoa ripoti iliyosema kinyume: kwamba fidia ilikuwa ndogo, kwamba ardhi waliyopewa watu haikulingana na waliyoiacha, na kwamba baadhi ya wakulima wadogo waliojiunga na mafunzo waliishia kwenye madeni. Kampuni ikapinga. Sitaamua ugomvi huo hapa, ila nikumbushe kwamba fidia ya ardhi huhesabu miembe na mabati. Haihesabu kwamba shamba la zamani lilikuwa hatua mia mbili kutoka jikoni na jipya liko saa moja kwa miguu, na mpunga ukianza kutoa masuke lazima mtu alale kwenye dungu kuamia ndege kuanzia alfajiri. Umbali huo ni mtoto mmoja asiyekwenda shule kwa wiki sita.

Sasa hesabu, kwa sababu hapo ndipo hoja ya ukubwa husimama au huanguka.

Tuchukue kwamba shamba limepandwa hekta 5,000 na kila hekta imetoa tani 3 za mpunga, mavuno ya kawaida kwa shamba kubwa linalotegemea mvua. Ni tani 15,000. Zikobolewe kwa asilimia 65, zinabaki tani 9,750 za mchele. Msomaji wa mjini ataona ni mlima. Lakini miaka ile Tanzania ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani milioni moja za mchele kwa mwaka. Shamba lililotangazwa kama jibu la njaa ya taifa lingetoa, likijitahidi, chini ya asilimia moja. Zaidi ya asilimia tisini zilitoka kwa watu wenye ekari mbili, tatu, kumi, wanaolima mpunga wa aina ya Supa na Shingo ya Mwali kwa jembe la ng'ombe au trekta la kukodi.

Tuendelee na hesabu hiyohiyo. Bei ya jumla ikishuka shilingi 200 kwa kilo, tani 9,750 zinapoteza shilingi bilioni 1.95. Ni msimu mmoja. Kampuni haiwezi kuwaambia mabenki wavumilie, haiwezi kuwaambia mafundi wa kombaini wale mihogo hadi mambo yatengemae. Dizeli imelipwa tayari, vipuri vimetoka nje kwa dola, na riba haijui masika wala kiangazi.

Na bei ilishuka kweli. Mwanzoni mwa 2013, serikali ikihofia mfumuko wa bei mijini, iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru. Kwa kawaida ushuru wa Afrika Mashariki kwa mchele wa nje ni asilimia 75, na ukuta huo ndio uliokuwa umewekwa kwenye hesabu za kila mwekezaji wa mpunga. Ukuta ukafunguliwa mlango, meli zikashusha, bei zikaporomoka Kilombero, Mbarali, Kahama na kila panapolimwa mpunga. Serikali ileile iliyokuwa imewapeleka wawekezaji Mngeta kwa mbwembwe ndiyo iliyowavuta zulia miguuni. Siilaumu kwa kuwaonea huruma walaji wa Dar es Salaam. Mlaji naye ni mwananchi. Ninachosema ni kwamba mpango wa shamba kubwa ulisimama juu ya ahadi ambayo hakuna serikali yenye wapiga kura mijini inayoweza kuitunza kila mwaka.

Familia nayo iliumia mwaka ule, tena sana. Ila iliumia kwa namna nyingine. Mkulima mwenye ekari tatu alipoona bei imeanguka aliweka magunia ndani, akauza mawili ya ada ya shule, mengine akala. Hakumlipa mke wake mshahara wa palizi kwa sababu hajawahi kumlipa. Ndiyo siri ya uimara wa shamba la familia, na wanaolisifia shamba hilo wangefanya vizuri kuitaja kwa sauti: linastahimili mwaka mbaya kwa kuwapunja watu wa ndani. Kwenye vitabu vya kampuni nguvu kazi ni gharama. Kwenye kaya ni mama, na mama halipwi.

Wala tusiichore familia kama picha ya kalenda. Nenda Februari kwenye kijiji chochote cha mpunga, mwezi ambao kihenge kimebaki mavumbi, utamkuta mfanyabiashara akinunua mpunga ukiwa bado kijani shambani. Anatoa fedha leo, atachukua gunia mwezi wa sita, na gunia lenyewe ni lumbesa. Kwa mikopo ya namna hiyo mkulima analipa maradufu bila kuandika popote. Watoto wakikua, ekari tano zinagawanywa kwa wanne. Mwenye ekari moja na robo hawezi kufunga mkataba na mtu yeyote, na mwishowe anaikodisha kwa mgeni na kwenda kubeba zege Ifakara.

Ndipo kamba inaporudi. Mafunzo ya KPL, yaliyoungwa mkono na wafadhili wa Kimarekani, yaliwafikia maelfu ya kaya kuzunguka shamba. Mbegu iliyohimizwa ni SARO 5, ambayo haina ile harufu ya Supa inayoita majirani lakini huzaa sana. Ilipandwa kwa kamba, ikawekewa mbolea na kupaliliwa kwa wakati. Wakulima waliofuata masharti yote walivuna zaidi ya tani 4 kwa hekta, wakati wastani wa kurusha mbegu kwa mkono, kilimo cha baba na babu, unazunguka tani 2. Angalia namba hizo tena. Kwa hesabu yetu ya juu, mkulima wa ekari moja, bila kombaini, aliipita kwa kila hekta ile kampuni iliyomfundisha.

Mbona wote hawakuendelea? Muulize aliyeshika kamba. Ukipanda kwa nafasi unaacha mwanga uingie chini, na mwanga hauchagui: mpunga unachipua, magugu nayo yanachipua. Palizi inakuwa mbili au tatu badala ya moja, katika wiki zilezile ambazo mahindi nayo yanaita. Mwenye watu wengi nyumbani aliweza. Mjane hakuweza. Wengi wakachukua nusu ya somo, mbegu na mistari, wakaacha masharti mengine, na mavuno yao yakakaa katikati. Wataalamu huita hali hiyo kushindwa kupokea teknolojia. Mimi naiita hesabu.

Lakini jambo kubwa ambalo kisa hiki kilinifundisha liko kaskazini-mashariki, katika bonde hilohilo, kwenye miwa. Kilombero kuna kiwanda cha sukari chenye mashamba yake na maelfu ya wakulima wa nje wanaokiuzia miwa. Wanagombana, ndiyo, juu ya mizani, juu ya kiwango cha sukari, juu ya nani akatiwe kwanza. Hata hivyo ndoa imedumu miongo mingi. Kwenye mpunga kwa nini haikudumu? Kwa sababu muwa ukikatwa unaanza kupoteza sukari. Usipofika kwenye kinu ndani ya siku moja au mbili umekula hasara. Mkulima hana pa kukimbilia, na kinu hakiwezi kukaa bila miwa. Wamefungwa pingu moja. Mpunga ukikauka unakaa kwenye gunia miezi na miezi, na mashine ya kukoboa ya mtaa, inayonguruma nyuma ya duka, inaufanyia kazi yote muhimu. Mkulima wa mpunga hamhitaji mkubwa. Na mkubwa, akilima mwenyewe, hana faida kubwa shambani, maana mche wa mpunga haujui kama mwenye shamba ana hekta elfu tano au nusu ekari. Unataka jicho la mtu aliye karibu, anayeona leo maji yamepungua kona ile, kesho kwelea kwelea wametua.

Ukubwa una faida, lakini si mahali palipofikiriwa. Kinu kikubwa hutoa mchele usiovunjika, usio na mawe, wenye daraja moja kuanzia gunia la kwanza hadi la elfu, na huo ndio mchele ambao duka kubwa la Nairobi au Dar litaukubali. Ghala kubwa lina uwezo wa kusubiri bei. Trekta moja likiwa na dereva mzuri linaweza kulima kwa kaya hamsini. Mbegu safi inahitaji maabara na uaminifu wa miaka. KPL ilikuwa na karibu vyote hivyo: kinu, ghala, mitambo, hata umeme uliofuliwa kwa pumba za mpunga wake yenyewe. Ilivitumia kama viambatanisho vya kumiliki udongo. Kwa maoni yangu ingelipa kinyume chake: kumiliki mashine, kinu na mbegu, na kuacha udongo kwa walioujua, ikanunua mpunga wao kwa bei inayoshinda ya yule wa Februari.

Najua jibu la mwekezaji. Atasema bila shamba lake mwenyewe hana uhakika wa mpunga wa kulisha kinu, kwa sababu wakulima watachukua mbegu na mbolea ya mkopo halafu usiku watauza pembeni. Ni kweli, hutokea kila msimu. Benki pia humwambia alete hati ndipo akopeshwe, na hati ni ya ardhi, si ya urafiki na wanakijiji. Kwa hiyo ardhi ilihitajika kwa ajili ya benki kuliko kwa ajili ya mpunga. Kampuni ikaongeza hata mitambo ya umwagiliaji, ile mirefu yenye magurudumu inayozunguka shambani kama mshale wa saa, ili iachane na kubahatisha mvua. Teknolojia nzuri. Nayo ilikuja na mkopo wake.

Kufika 2019 kampuni ilikuwa imeshindwa kulipa madeni. RUBADA, mbia wake wa serikali, ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Mtaji wa nje uliozama pale uliandikwa hasara huko ulikotoka, kwa wino, na wenye hisa wakaendelea na miradi mingine. Kaya zilizohamishwa hazina kitabu cha kuandikia hasara ya namna hiyo.

Na mpaka wenyewe kati ya kampuni na familia, siku hizi, umeanza kufutika bila mwekezaji yeyote kutoka ng'ambo. Katika mabonde ya mpunga utakutana na kombaini ndogo za Kiasia zikihama shamba hadi shamba, zinavuna kwa malipo ya kila ekari, na foleni ya wateja inaandikwa kwenye daftari la kijana aliyekaa kwenye bodaboda. Mwenye mashine huwa mfanyabiashara wa mjini, au mwalimu aliyestaafu, au mtu ambaye ndiye huyohuyo anayenunua mpunga mbichi Februari. Anakodi ekari ishirini kwa mwaka huu, arobaini mwaka ujao, kutoka kwa warithi wenye robo robo. Hana hati wala hajasajili kampuni, na hakuna ripoti itakayoandikwa juu yake. Kamba yenye mafundo utaikuta imening'inia kwenye ukuta wa jiko la mmoja wa warithi hao. Msimu huu mwenye kuikodi ile ekari ameamua kurusha mbegu, kwa kuwa kupanda kwa mstari kunataka vibarua watatu zaidi.